Namna ya Kuitiisha Padi ya Bei Rahisi: Mwongozo kwa Makutano Yote Mawili

Mwongozo huu ni wako wewe uliyenunua padi ya gemu ya kebo kwa chini ya shilingi 1,000, ukaichomeka kwenye laptopu, ukafungua gemu, ukabonyeza kila kitufe kwa zamu, na mchezaji wako akabaki amesimama katikati ya uwanja huku wapinzani wakimpita kwenda kufunga.

Umeshaambiwa kwamba umetupa pesa. Kaka yako mkubwa amesema. Jirani amesema. Hata mwenye duka aliyekuuzia amesema ungeongeza kidogo ungepata ya maana. Waache wote watatu waendelee na shughuli zao. Padi yako huenda ni nzima kabisa. Mara nyingi kasoro haiko ndani ya padi wala ndani ya kompyuta. Iko katika maelewano kati ya hizo mbili, na maelewano hutengenezwa kwa utulivu, bila kuongeza hata senti.

Nawaandikia watu wa Makutano, yote mawili: Makutano ya Embu, kule Mbeere Kusini, ambako barabara ya kwenda Embu huachana na ile ya Nyeri, na Makutano ya Meru, kando ya mji. Barabara moja inayaunganisha, ikipita Mwea, Embu, Chuka na Nkubu. Huku na kule kuna vijana wenye laptopu za mtumba zilizotumika Uingereza kabla ya kufika kwetu, mashine imara zisizo na kadi kali ya picha lakini zinazochezesha gemu za miaka ya nyuma bila shida. Kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru pale Nchiru, na wa Chuo Kikuu cha Embu, wanaofunga vitabu jioni na kutaka mechi mbili kabla ya kulala. Pleisteshoni ya kwenye kibanda cha gemu unailipia kila mechi. Padi ya nyumbani unailipia mara moja. Kwa hiyo jambo hili si dogo, na nitalieleza kwa uzito wake.

Hatua ya 1: Hakikisha padi imefika Makutano sahihi

Ukinunua padi Nairobi, tuseme Luthuli Avenue, ukatumiwa kama kifurushi kwa matatu, usikubali bahasha iandikwe “Makutano” peke yake. Matatu ya Meru iliyotoka Tea Room hupita Makutano ya Embu saa kadhaa kabla ya kuyakaribia Makutano ya Meru, na makanga mwenye haraka anaweza kukiteremsha kifurushi kwenye Makutano ya kwanza anayoyaona. Iandikwe “Makutano, Meru” au “Makutano, Embu”, pande zote mbili, kwa kalamu nene, pamoja na namba ya simu. Omba namba ya gari na risiti. Hiyo nayo ni sehemu ya kuifanya padi ifanye kazi: padi iliyo zaidi ya kilomita mia moja kutoka kwa kompyuta yake haina draiva itakayoisaidia.

Hatua ya 2: Ukiweza, ijaribu kabla ya kulipa

Anayenunua kwa mkono ana bahati. Mwombe mwenye duka kwa adabu: “Mzee, naomba tuichomeke kwenye mashine yako tuone.” Muuzaji mwaminifu hatakataa, na anayekataa ameshakujibu. Padi ikishachomekwa, tikisa kebo taratibu mahali inapoingia kwenye padi, kisha mahali inapoingia kwenye plagi. Kompyuta ikilia mlio wa kifaa kuchomolewa, waya umekatika kwa ndani, omba nyingine. Zungusha vijiti vyote viwili na uviachie: virudi katikati vyenyewe, bila kusukumwa. Bonyeza vitufe vya begani, L1, L2, R1 na R2, kwa sababu hivyo ndivyo watu husahau kuvijaribu, na ndivyo utakavyovihitaji ukiwa umebakiza dakika mbili na unafuata bao.

Hatua ya 3: Iweke kando sidii ndogo

Ndani ya boksi huenda kuna sidii ndogo, na laptopu yako haina hata mahali pa kuisomea. Usihangaike. Padi hizi hufuata kanuni ya vifaa vya USB vya kuingiza amri, ile ile inayotumiwa na kipanya na kibodi, na Windows imekuwa ikiielewa tangu miaka ya 1990. Ukichomeka tu, padi hutambuliwa. Kilichomo kwenye sidii kwa kawaida ni draiva ya mtetemo, ili padi itikisike mkononi unapogonga gari. Bao huingia hata mkono usipotikisika. Hifadhi sidii, endelea.

Na usiende kwenye intaneti kutafuta “draiva ya padi” katika kila tovuti inayokuahidi. Tovuti nyingi za namna hiyo huishi kwa kukusakinishia vitu usivyoviomba. Bando lako na kompyuta yako vinastahili heshima zaidi ya hapo.

Hatua ya 4: Uliza Windows, usiulize gemu

Hapa ndipo wengi hukosea njia. Padi ikikataa ndani ya gemu, huanza kuchomoa na kuchomeka, kuzima na kuwasha, hadi usiku unaisha. Fanya hivi badala yake. Shika kitufe chenye nembo ya Windows, bonyeza R, andika joy.cpl, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha dogo lenye orodha ya padi zote ambazo kompyuta inaziona. Yako huenda imeandikwa “USB Gamepad”, au “Generic USB Joystick”, au “Twin USB Joystick”. Jina kutokuwa la kifahari si dalili ya ugonjwa. Ichague, bonyeza Properties.

Sasa una chumba cha daktari mbele yako. Kuna mraba wenye alama ndogo inayofuata kijiti cha kushoto, kuna mistari inayofuata kijiti cha kulia, na kuna viduara vyenye namba, kwa kawaida hadi 12, vinavyowaka unapobonyeza. Chukua karatasi. Bonyeza kila kitufe kimoja kimoja na uandike namba yake. Usikisie, kwa maana padi mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na L1 kwenye namba 5 katika moja na kwenye namba 7 katika nyingine. Karatasi hiyo ni ramani ya padi yako; ibandike ukutani juu ya meza. Ukimaliza na kila kitu kimewaka, ujue tayari: padi ni nzima. Kuanzia hapa hakuna mtu atakayekuambia umetupa pesa.

Hatua ya 5: Washa taa nyekundu

Katikati ya padi kuna kitufe chenye neno ANALOG au MODE, na pembeni yake taa ndogo. Kitufe hiki kimewaliza watu wengi kuliko kingine chochote kwenye padi. Taa ikiwa imezimwa, padi nyingi za aina hii hukifanya kijiti cha kushoto kiwe sawa na msalaba wa mishale, na kijiti cha kulia kiwe sawa na vile vitufe vinne vya kulia. Ndiyo maana unasukuma kijiti ili ugeuze kamera na mchezaji wako anapiga shuti kuelekea golini kwake mwenyewe. Washa taa, rudi kwenye dirisha la joy.cpl, na uhakikishe kijiti cha kulia sasa kinasogeza mistari badala ya kuwasha viduara.

Baadhi ya padi zina swichi ya X na D upande wa nyuma, kama Logitech F310. Nyingine hubadilika ukishikilia kitufe cha katikati kwa sekunde kadhaa. Kama yako ina njia hiyo, iweke kwenye X, ruka hatua tatu zinazofuata, na ucheze kwa amani. Kama haina, kaa hapa, kwa sababu sasa tunafika kwenye kiini.

Hatua ya 6: Jua kilichotokea mwaka 2005

Kompyuta za Windows zina njia mbili kuu za kuzungumza na padi. Ya zamani, ya miaka ya 1990, inaitwa DirectInput. Inaikubali padi ya kila umbo na yenye vitufe vingi, lakini inavijua kwa namba tu: kitufe cha 1, cha 2, cha 3. Haijui kipi kiko juu na kipi kiko chini. Kwa hiyo gemu za zamani zilimpa mchezaji ukurasa wa kupanga: bonyeza unachotaka kiwe pasi, bonyeza unachotaka kiwe shuti.

Mwaka 2005 Microsoft ilitoa Xbox 360, na pamoja nayo njia mpya, XInput. Hii inataka padi ya umbo moja: A chini, B kulia, X kushoto, Y juu, vijiti viwili, vifyatuo viwili. Watengenezaji wa gemu walifurahi, kwa kuwa hawakuhitaji tena kumuuliza mchezaji chochote, na wengi wakauondoa ule ukurasa wa kupanga. Padi yako ya bei rahisi imebaki inazungumza DirectInput. Gemu inasikiliza XInput peke yake. Moja inasema, nyingine haisikii, na katikati yao hakuna mkalimani. Hakuna kilichovunjika.

Ukilijua hili, unaweza kutabiri kabla hujafungua gemu. GTA San Andreas ilifika kwenye kompyuta Juni 2005, kabla ya Xbox 360. Inaielewa padi yako kwa namba zake. Gemu nyingi zilizokuja miaka iliyofuata zinataka mkalimani.

Hatua ya 7: Anza na gemu zinazokupokea

Usianze na gemu ngumu. Fungua kwanza gemu itakayokupa moyo. PES 2013, ambayo Konami iliitoa mwaka 2012 na ambayo bado inatembea vizuri kwenye laptopu za mtumba, ina faili la settings.exe ndani ya folda yake. Lifungue kabla ya gemu yenyewe, nenda sehemu ya padi, chagua yako, kisha panga vitufe ukifuata karatasi yako. Hifadhi, funga, ndipo ufungue gemu. Kama mko wawili, mpangie na mwenzako padi yake hapo hapo, na yeye mwenyewe awepo, ili asije akasema baadaye kwamba ulimharibia.

PPSSPP, programu ya bure inayochezesha gemu za PSP, nayo inaipokea padi ya aina yoyote. Ina ukurasa wa kupanga vitufe, na kwa vile PSP ilikuwa na kijiti kimoja tu, hata padi yenye kijiti kimoja kibovu inapata kazi ya kufanya.

Kanuni moja ya kukumbuka kwa gemu zote za zamani: chomeka padi kwanza, fungua gemu baadaye. Nyingi hutazama kama kuna padi wakati zinaanza tu, kisha hazitazami tena.

Hatua ya 8: Leta mkalimani

Kwa gemu zinazotaka XInput kuna njia mbili nzuri, na zote ni za bure.

Ya kwanza ni Steam. Fungua mipangilio, nenda Controller, na uwashe chaguo la padi zenye neno “Generic”. Steam itakuomba ubonyeze vitufe kimoja kimoja ili ijue kipi ni kipi. Ikishajua, itaiwasilisha padi yako kwa gemu kana kwamba ni ya Xbox. Na si lazima gemu iwe imenunuliwa Steam. Kuna chaguo la kuongeza gemu ya nje kwenye orodha yako, kisha unaifungua ukiwa ndani ya Steam. Gharama yake ni bando la kupakua programu yenyewe, kwa hiyo ipakue mahali penye Wi-Fi, kama uko karibu na chuo.

Ya pili ni x360ce, programu ndogo iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Toleo lake la zamani unaliweka ndani ya folda ile ile yenye faili la kuanzishia gemu. Ukilifungua, linaunda faili linaloitwa xinput1_3.dll, linakuonyesha picha ya padi ya Xbox, na unapanga: kitufe changu cha 3 kiwe A, cha 2 kiwe B. Unahifadhi, unafunga, unacheza. Ikikataa, angalia jambo moja kabla ya kukata tamaa: gemu ya biti 32 inataka x360ce ya biti 32, na ya biti 64 inataka ya biti 64. Sehemu kubwa ya malalamiko huishia hapo.

Maonyo mawili, na nayasema kwa msisitizo. Ichukue x360ce kwenye ukurasa wa watengenezaji wenyewe. Faili lenye jina hilo lililozunguka kwenye WhatsApp usiliguse. Na usiweke faili la namna hiyo kwenye gemu ya mtandaoni yenye mfumo wa kukamata wadanganyifu, kwa sababu mfumo hauwezi kujua kwamba wewe ni mtu mwema mwenye padi ya bei rahisi. Akaunti yako inaweza kufungwa.

Kama gemu haijui padi ya aina yoyote, inajua kibodi tu, tumia AntiMicroX. Hii hugeuza kila kitufe cha padi kiwe kitufe cha kibodi. Gemu inadhani unaandika, wewe unacheza.

Hatua ya 9: Usichanganyikiwe na X

Gemu sasa inakuitikia, lakini kwenye kioo imeandika “Bonyeza A”, na padi yako ina namba, au ina maumbo ya pleisteshoni. Jifunze mara moja: msalaba wa pleisteshoni ulio chini ni A. Duara ni B. Mraba ni X. Pembetatu ni Y. Angalia mtego ulipo: kile ambacho watu wa kibandani wanakiita X kiko chini, na X ya Xbox iko kushoto. Aliyekulia kwenye pleisteshoni atapiga shuti pale alipotaka kupiga pasi kwa wiki nzima. Ongeza jedwali hili chini ya karatasi iliyo ukutani.

Hatua ya 10: Tibu kijiti kinachotembea chenyewe

Mchezaji akianza kutembea bila kuguswa, chomoa padi, ichomeke tena ukiwa hujagusa vijiti. Baadhi ya padi hukariri katikati ya vijiti wakati wa kuwaka. Ikiendelea, ongeza eneo tulivu la katikati kwenye mkalimani wako, lile linaloitwa deadzone, ili msogeo mdogo usihesabiwe. Ndani ya kila kijiti kuna vipimo viwili vya umeme, kimoja cha kulia na kushoto, kimoja cha juu na chini, na vumbi likiingia humo usomaji huruka. Mbeere ni nchi kavu na vumbi lake halibishi hodi. Ifunike padi kwa kitambaa usipoitumia. Fundi anaweza kuifungua na kusafisha kwa pamba na spiriti, akisafisha pia raba zilizo chini ya vitufe vinavyonata. Ni kazi ndogo kwa fundi, na padi hurudi na uhai.

Kuna upungufu mmoja wa kweli ambao ni haki uujue. Kwenye padi nyingi za bei hii, L2 na R2 ni vitufe vya washa na zima tu. Katika gemu ya magari, gari lako litakuwa limesimama au limekanyagwa hadi mwisho, hakuna katikati. Dawa ipo: ndani ya x360ce, peleka mafuta na breki kwenye kijiti cha kulia, juu na chini. Sasa unaweza kuongeza mwendo kidogo kidogo, na kona utazikata vizuri.

Hatua ya 11: Ipitishe kwa mwingine

Anayetumia Linux atakuta kwamba ndani ya kiini chake kuna draiva iliyoandikwa mahususi kwa padi zenye chipu za DragonRise, zile zile za bei rahisi zinazojaa madukani. Kuna pia orodha ya wazi ya ramani za padi, gamecontrollerdb, ambayo wachezaji wa nchi mbalimbali huongeza mistari ya padi zao ili mwenzao asihangaike, na gemu nyingi huisoma. Kuna watu, basi, walioketi na kuifanyia kazi padi ambayo duniani kote huambiwa ni ya kutupa. Waliona kwamba asiye na elfu kadhaa za kununulia padi ya Xbox ana haki ya kufunga bao kama mwenzake.

Nasi tuna la kuongeza. Ramani uliyoibandika ukutani ipige picha, itume kwenye kundi la darasa lako, uandike jina la padi kama lilivyo kwenye joy.cpl na gemu zilizokubali. Padi zinazouzwa Makutano ya Embu na Makutano ya Meru mara nyingi zimetoka kwenye maduka yale yale ya Nairobi. Kazi ya mmoja inaweza kuwafaa wengi kwenye barabara hii yote. Na mtoto wa jirani akibisha hodi na padi yake mkononi, akikuambia wameshamwambia ametupa pesa, usimtengenezee. Mpe kiti, mpe karatasi na kalamu, na umwachie kipanya.